Vidonge unakunywa siku ngapi kwa mwezi?

Juzi dada mmoja kaniandikia: "Kichwa kinaniuma kila siku, Panadol hazinisaidii tena, nifanyeje?" Nilisoma ule ujumbe mara tatu. Miaka minne iliyopita ningeuandika mimi.

Nashona sare za shule hapa Mbagala. Mnaojitafutia mnajua Desemba na Januari zilivyo, oda zimejaa na hakuna kulala. Kichwa kilianza upande wa kulia, nyuma ya jicho, kinagonga kama moyo umehamia huko. Taa ya cherehani ikiniwakia usoni natapika. Nilikuwa nazima taa na kujilaza sakafuni juu ya mabaki ya vitambaa, wateja wakiwa mlangoni. Wifi yangu akasema mbele yao, "Kichwa cha kila siku ni uvivu tu." Neno hilo linanichoma mpaka leo.

Zahanati niliyokuwa naenda ilinipa dawa ya malaria mara tatu ndani ya miezi miwili, na mara mbili kati ya hizo sikutobolewa hata kidole. Nikaona nijitibu mwenyewe.

Vidonge nilivihifadhi kwenye kopo la vifungo. Vifungo vya mashati vina matundu manne, kidonge hakina, kwa hiyo vidole vilikuwa vinakitambua bila mimi kuinua macho kwenye kazi. Viwili kabla ya chai, viwili jioni. Siku za oda kubwa nilimeza hata kabla hakijauma, ili kisinikute katikati ya kazi.

Aliyenitoa huko ni daktari kijana wa hospitali ya serikali. Aliniuliza, "Mama, vidonge unakunywa siku ngapi kwa mwezi?" Nikahesabu, nikakuta karibu siku zote. Akanieleza kwamba nina kipandauso, ambacho kwa mtu mzima kisipotibiwa hudumu saa 4 hadi 72, na juu yake nina maumivu yanayoletwa na dawa zenyewe. Mwenye kuumwa kichwa mara kwa mara akimeza parasetamoli, ndiyo hiyo Panadol, siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi 3, dawa huanza kukiamsha kichwa kile kile ilichokuwa inakituliza. Zile zenye mchanganyiko wa kafeini au kodeini, dawa ya maumivu ambayo mwili huizoea, hata siku 10 zinatosha kukufikisha hapo.

Nikaacha. Wiki ya kwanza kichwa kiliuma kuliko siku zote, na daktari alishanionya kuwa kitafanya hivyo. Wiki ya tatu niliamka alfajiri, nikasikia muadhini, nikakaa kitandani nasubiri maumivu. Hayakuja. Nililia.

Nilipewa pia propranolo ya kumeza kila siku ili kuzuia kipandauso, ila kwanza niliulizwa kama nina pumu, maana mwenye pumu hapewi dawa hiyo. Kwa hiyo msiniombe jina la dawa mkanunue. Na kama unayotumia ina kodeini, iache kwa usimamizi wa daktari.

Ninachowasihi ni daftari. Andika tarehe, saa kilipoanza, ulikula saa ngapi, ulilala saa ngapi, siku zako za hedhi, na vidonge ulivyomeza. Langu lilionyesha wazi kwamba siku nisipokula asubuhi, saa nane mchana nimeshalala sakafuni. Kuleni asubuhi, jamani! Laleni saa zile zile, hata Jumapili. Dawa ya maumivu imeze mapema kikianza, lakini isizidi siku mbili kwa wiki. Na homa ikiwepo, dai kipimo cha malaria kabla ya kupokea dawa. Usione aibu, mwili ni wako.

Daftari lisikucheleweshe kama kichwa kimekushukia ghafla kwa nguvu usiyowahi kuiona, kama una homa na shingo imekakamaa, kama mkono umelegea au maneno hayatoki sawasawa, kama uliangukia kichwa, au kama una mimba na macho yanaona ukungu. Hapo ni hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku wa manane, na asikwambie mtu subiri kukuche.

Dada uliyeniandikia, anza leo usiku kwa kuhesabu siku za mwezi huu ulizomeza kidonge. Ukienda kwa daktari, mtajie hesabu hiyo kabla hajakuuliza.