Shida Iko Kwenye Kodi au Kwenye Mashine? Programa Ajibu Maswali Yenu

SWALI: Fundi habari za kazi. Nna laptopu ya RAM 8GB, najifunza kutengeneza app za simu. Nikifungua editor, emuleta (ile simu ya kuigiza ndani ya kompyuta) na brauza kwa pamoja inaganda kabisa, hadi mausi inatembea kwa kurukaruka. Jamaa yangu anasema prosesa imezeeka ninunue mashine mpya. Nimsikilize?
– Programa Mchanga

JIBU: Salama kabisa mdogo wangu. Usimsikilize kwanza, mana hata mimi sijaiona hiyo mashine na yeye naona kahukumu kwa kuangalia umri tu. Siku ikiganda tena fungua ile Task Manager (kama uko Linux andika `top`) uangalie vitu viwili, prosesa (inayofanya hesabu) iko asilimia ngapi na RAM (memori ya muda ya vitu ulivyofungua) iko asilimia ngapi. Nnavoona mimi utakuta RAM imejaa pomoni na prosesa iko kwenye 20 au 30 hivi, yani prosesa unayoisingizia uzee imekaa tu inasubiri.

Inasubiri nini sasa? RAM ikijaa mfumo unaanza kuhamishia vitu kwenye diski ili kupata nafasi, alafu ukivihitaji unavirudisha, na hapo ndo balaa linapoanza. Kusoma kitu kwenye RAM ni kama nanosekunde 100, kwenye SSD (diski isiyozunguka) ni kama maikrosekunde 100, kwenye hadidiski ya kuzunguka ni kama milisekunde 10. Ukizisoma hivo zote zinaonekana ndogo, ila tufanye ile ya RAM imechukua sekunde moja, basi SSD ingekuchukua dakika 17 hivi na hadidiski ingekuchukua siku nzima na masaa matatu na ushee. Kwa hiyo mausi kurukaruka sio ajabu hata kidogo.

Ningekuwa wewe ningeanza na cha bure, chomeka simu yako kwa waya wa USB uwe unajaribia app humo badala ya emuleta, hiyo peke yake inarudisha giga kadhaa. Kama bado una hadidiski weka SSD, utadhani umebadilisha kompyuta. Alafu ndo RAM, ifike 16GB. Ila kabla hujatoa hela hakikisha laptopu yako ina sloti, mana siku hizi nyingi RAM imegandishwa kwenye bodi moja kwa moja na huongezi kitu, na uangalie RAM yake ni aina ya DDR4 au DDR5 kwa sababu haziingiliani, kijino cha katikati kimekaa tofauti makusudi ili usilazimishe. (Watu wanalazimisha.)

SWALI: Programu yangu inakufa ovyo, saa nyingine dakika ya tano, saa nyingine lisaa limepita, na data ni zilezile. Nimesoma kodi yangu wiki mbili sioni bagi. Nakaribia kuacha hii kazi.
– Nimechoka

JIBU: Pole sana, na usiache, nimepita hapohapo. (Wasomaji wageni, kodi hapa ni ile ya programu, yani maagizo tunayoiandikia kompyuta, sio ya mwenye nyumba, na bagi ni kosa ndani yake.)

Mwanzoni nilikuwa na tabia ya kulaumu mashine kwa kila kitu. Kuna ripoti moja niliyoandika ilikuwa inachukua sekunde 10 kufunguka, nkasema hii ni diski, nkaenda nkanunua SSD, nkafunga, ripoti sekunde 10 vilevile. Kumbe nilikuwa nazunguka lupu ya wateja 500 na kila mteja naenda kuuliza databesi upya, kila safari milisekunde 20, piga hesabu mwenyewe. Nilipouliza mara moja tu kwa wateja wote ikawa chini ya sekunde. Aibu ile ikanifanya niape sitalaumu tena mashine, ndo mana ilipokuja shida ya pili nikateseka karibu wiki tatu: programu ya kupanga mafaili inatoa majibu tofauti kwa data ileile, nasoma kodi mpaka naiota, nafuta naandika upya, wapi. Siku moja kompaila yenyewe (inayogeuza kodi kuwa programu) ikafa katikati ya kukompaili, nkarudia ikafa ila kwenye faili jingine kabisa. Hapo ndo nkashtuka. Bagi yangu ya kawaida inakaa mahali pake, ila ikiwa data ni ileile, hatua ni zilezile, na inakufa sehemu tofauti kila mara, tena na programu nyingine zinaguswa, basi angalia chuma, yani mashine yenyewe. Nkawasha Memtest86 (programu ya kupima RAM) nkalala, asubuhi skrini imejaa mistari myekundu. Kijiti kimoja cha RAM kilikuwa kibovu, nkakichomoa, kimya mpaka leo.

Kwa hiyo wewe: je programu yako inatumia thredi nyingi, yani kazi kadhaa zinazokwenda kwa pamoja ndani yake? Kama ndio, bado wewe ni mtuhumiwa namba moja, mana thredi zikigombania kitu kimoja nazo zinakufa kwa nyakati tofauti hivohivo. Iendeshe kwa thredi moja uone. Kama inakufa bado, ingia BIOS (mipangilio ya mashine kabla mfumo haujawaka) uzime ile profaili ya kuongeza spidi ya RAM (XMP au EXPO), chomoa vijiti uvirudishe vizuri, kisha Memtest usiku kucha, na ujaribu kijiti kimoja kimoja. Angalia na joto pia, ingawa joto mara nyingi linaanza kwa kukupunguzia spidi kabla ya kuua kitu. Na fanya bekapu leo leo, RAM mbovu inaandika uchafu kwenye diski na haikwambii.

SWALI: Nikitoka prosesa ya kori 4 (vichwa vya kufanya kazi) kwenda 8, kukompaili kutakuwa nusu ya muda?
– Mpenda Spidi

JIBU: Hapana. Tuseme project yako inachukua dakika 10, nane za kukompaili mafaili ambayo yanagawanyika, mbili za mwisho ni linka (inayounganisha mafaili yawe programu moja), nayo inatumia kori moja tu. Kori 8 zitashusha zile nane ziwe nne, mbili ziko palepale, jumla 6. Hata ukiweka kori elfu hushuki chini ya mbili. Gene Amdahl, mbunifu wa kompyuta, alishalisema hili mwaka 1967 na bado tunanunua kwa kuhesabu kori. Anza na kutokompaili upya faili ambalo hujaligusa.

SWALI: Kibodi ya mekanika inasaidia kukodi vizuri?
– Mdau

JIBU: Kwa kelele zile, inasaidia wenzako wajue uko kazini. Mimi nnayo.