Mwanangu, mizani ikigoma

Mwanangu,

Ujumbe wako wa jana usiku nimeusoma mara mbili. Unasema huu ni mwezi wako wa kwanza wa kula kalori 800 kwa siku ili upungue uzito. Wiki ya kwanza zilitoka kilo 3, ukashangilia, na sasa ni siku ya 12 mizani imegoma. Unaniuliza: "Mama, nishushe hadi 600, au mimi ndiye sina msimamo?"

Usishushe. Hilo lishike kabla ya mengine.

Zile kilo 3 nyingi zake zilikuwa maji. Mwili una akiba ya sukari kwenye ini na misuli, inaitwa glaikojeni, na kila gramu yake hushika gramu 3 hivi za maji. Ukijinyima ghafla akiba inatumika, maji yake unayakojoa. Mafuta hayaendi mbio hivyo: kilo moja ina kalori kama 7,700, kwa hiyo hata ukipungukiwa kalori 1,000 kila siku, kuitoa kilo hiyo kunakula wiki nzima. Wewe ulisherehekea maji, sasa unayalilia mafuta.

Halafu kuna hili la msimamo, ndilo lililoniuma. Umeandika kwamba unasikia baridi wenzako wakitoka jasho, unakasirika ovyo, na usiku unatazama video za mapishi hadi saa saba. Mwaka 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota huko Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwalisha vijana 36 waliojitolea, wenye afya njema, kalori zipatazo 1,570 kwa siku kwa miezi sita, huku wakitembea kilomita 35 hivi kila wiki. Hiyo ni karibu mara mbili ya chakula chako. Walitetemeka kwa baridi, mapigo ya moyo yakapungua, wakaramba sahani, na wapo walioanza kukusanya vitabu vya mapishi wakivisoma kama riwaya. Na hawa walikuwa watu waliokataa kushika bunduki kwa ajili ya dhamiri zao, katikati ya vita vya dunia! Kama msimamo ungetosha kuishinda njaa, wao wangeishinda. Mwili ukiona chakula kimekatika hubana matumizi: unajikuta husogei sana, unasikia baridi, unawaza kula tu.

Nami nakujibu kwa kuwa nilipita huko. Ulikuwa na miaka 9 hivi ulipoamka usiku ukanikuta jikoni, taa imezimwa, nimesimama nakula kiporo kwa mwiko moja kwa moja toka kwenye sufuria. Nilikwambia naonja kama hakijachacha. Ukaniamini, ukaomba maji, ukarudi kulala. Mchana wake wote nilikuwa nimekunywa chai tu. Kilo 9 zilitoka kwa wiki 10. Mwezi wa tatu nywele zikaanza kubaki kwenye kitana, mafungu kwa mafungu, na mwaka haukuisha zikarudi kilo 11.

Sitaki kukudanganya kwamba kalori 800 ni sumu. Uingereza kuna utafiti uliotolewa mwaka 2017, watu wenye kisukari cha aina ya pili walikunywa lishe maalumu ya kalori 825 hadi 853 kwa siku kwa miezi 3 hadi 5, na baada ya mwaka karibu nusu yao sukari ilikuwa imerudi chini bila dawa. Lakini walikuwa na wahudumu wa afya wanaowafuatilia, lishe yenye protini na vitamini zilizopimwa, na baadaye walirudishwa kwenye chakula taratibu. Wewe una chai, tunda, na programu ya simu inayokupongeza. Kupungua kwa kasi namna hiyo bila kuangaliwa huweza kuleta mawe kwenye kibofu cha nyongo, tena hula misuli pamoja na mafuta. Na hicho kizunguzungu ulichokitaja kwa mzaha, mimi hakijanichekesha. Nenda kwa daktari wiki hii, apime damu na presha, umwambie idadi halisi, usiipambe.

Ukitoka huko, ongeza chakula. Kula pungufu ya mahitaji yako ya siku kwa kalori 500 hivi, si zaidi, protini iwepo kila mlo, unyanyue vitu vizito mara mbili kwa wiki ili misuli ibaki. Utaona ni pole pole, utachukia. Ila hata asilimia 5 ya uzito wako ikitoka, presha na sukari huanza kunufaika, hata kama suruali haijalegea bado. Mizani panda mara moja kwa wiki, asubuhi, basi.

Jambo moja hukulisema, nami nalikumbuka: lile neno langu kuhusu gauni, mbele ya shangazi zako. Nililiona usoni mwako nikajifanya sikuliona. Nisamehe, mwanangu.

Kesho asubuhi kula ukiwa umeketi, kwenye sahani. Ukishamwona daktari nipigie, hata nikiwa kazini nitapokea.

Mama yako