Paukwa bila pakawa: niliyovuna kwenye msimu wa jukwaa dogo

Wiki iliyopita kijana mmoja msomaji wangu kaniandikia: "Dada, shikamoo. Nina kikundi cha waigizaji 6 na tumepata ukumbi wa viti 80. Tunataka kufungua msimu, michezo minne na usiku wa hadithi. Tuanze na nini?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Ujumbe ule ningeweza kuuandika mimi miaka mitatu iliyopita, tofauti ni kwamba ukumbi wangu ulikuwa na viti 62 na sikumwuliza mtu yeyote. Nilijiona najua.

Nitakujibu, mdogo wangu, ila univumilie, maana jibu lenyewe limo ndani ya kisa.

Nilipanga michezo minne, kila mmoja wiki tatu, Alhamisi hadi Jumapili. Maonyesho 12 kwa mchezo, 48 kwa msimu mzima. Zidisha kwa viti 62 uone: karibu watu elfu tatu. Hesabu hiyo ya darasa la nne niliifanya msimu ukiwa umeshafika nusu. Simu yangu haikuwa hata na majina 300, na humo humo mlikuwa na mafundi bomba na watu ninaowakwepa.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza: hesabu viti. Kabla hujachagua mchezo, kabla hujamwita fundi wa taa, hesabu viti, uzidishe kwa siku, ujiulize watu hao wanatoka wapi.

Ukumbi tuliukodi kwa mwezi, kwa hiyo Jumatatu ulikaa bure. Mmoja wetu akasema kwa nini tusifanye usiku wa hadithi: watu 8, kila mmoja dakika 5, kisa cha kweli kilichomtokea mwenyewe, bila karatasi mkononi. Si jambo geni. Pale New York wapo The Moth, walioanza mwaka 1997, na mtindo huo wa kusimama mbele ya watu na kusimulia maisha yako bila kusoma umeenea miji mingi. Nilikubali shingo upande. Kwangu kilikuwa kiraka cha kuziba Jumatatu. Jukwaa, niliwaambia wenzangu, ni la tamthilia. (Bado wananikumbusha. Kila mwaka.)

Mchezo wa kwanza ulijaa. Usidanganyike, mchezo wa kwanza siku zote hujazwa na jamaa: mama, shangazi, mpenzi wa zamani aliyekuja kuona kama umefanikiwa. Wa pili ulikwenda hivi hivi, sina la kusema juu yake.

Wa tatu ulikuwa wangu.

Niliuandika kwa miaka miwili. Ndani yake kulikuwa na ngazi. Si ngazi ya kuegemeza ukutani, ni ngazi ya mbao yenye vidato 14, inayopanda isifike popote, na mhusika mkuu anaipanda kidogo kidogo katika kila onyesho. Niliiona usingizini. Fundi alipoileta tukagundua kwamba imekula nafasi ya viti 10, basi tukaving'oa. Soma tena hapo, mdogo wangu: nilitoa watu ukumbini ili ngazi ipate pa kukaa. Na ilikula nusu ya fedha za mandhari za msimu mzima.

Siku 9 kabla ya kufungua, mwigizaji mkuu akaondoka. Kapata kazi kwenye tamthilia ya televisheni. Sikumlaumu. Yaani, nilimlaumu sana, nilimlaumu kwa mwaka na nusu, nikapishana naye njiani nikajifanya naangalia simu. Leo naweza kusema lililonichukua muda kukiri: sikuwa namlipa. Tulikubaliana mgawo wa kiingilio, na mgawo wa sifuri ni sifuri. Mtu anaacha familia yake jioni sita kwa wiki kuja mazoezini, unampa maji na maneno matamu kuhusu sanaa, halafu unashangaa akiondoka?

Ushauri wa pili, basi: lipa waigizaji. Hata kidogo, lakini kiwe kimetajwa tangu mwanzo na kitoke kabla ya cha ngazi. Pale Caffe Cino, mgahawa wa kahawa uliofunguliwa New York mwaka 1958 na ukawa miongoni mwa machimbuko ya ukumbi mdogo wa jiji lile, kofia ilipitishwa kwa wateja ili waigizaji wapate chochote. Kofia inayopita mbele ya macho yao wote ina heshima kuliko mkataba wangu wa mgawo.

Jumamosi ya pili ya mchezo wangu walikuja watu 7. Kuna kanuni isiyoandikwa katika kumbi ndogo kwamba hadhira ikiwa chini ya idadi ya waigizaji mnaruhusiwa kuahirisha. Sisi tulikuwa 6. Tukalazimika kucheza kwa ajili ya mtu mmoja aliyezidi, na mtu huyo, nilimwona kwa macho yangu, alilala.

Katika onyesho la pili la mchezo ule kuna bibi anayeanza kutamba ngano. Anasema "Paukwa!" Kwenye mswada niliandika kwa mabano: hadhira inaitikia. Usiku ule bibi akasema "Paukwa!", kimya. Akarudia, kimya. Mara nyuma ya jukwaa, gizani kwenye maleba, sauti ya msaidizi wetu ikajibu "Pakawa", polepole, kama mtu anayeitikia hodi ya nyumba isiyo yake. Nilikuwa nimesimama mlangoni na tiketi mkononi. Nililia, lakini kwa hasira.

Sasa sikiliza kilichotokea siku mbili baadaye. Jumatatu. Ngazi haikuweza kubomolewa, ikabaki pale pale katikati. Watu wakaja usiku wa hadithi mpaka viti 52 vikaisha, wengine wakaanza kukaa kwenye ngazi yangu. Kidato kwa kidato, mpaka juu. Akasimama dereva wa basi, mtu ambaye hakuwahi kupanda jukwaa maishani, kusimulia siku aliyompeleka abiria mazishini kumbe mazishi yenyewe yalikuwa ya jana. Akaanza kwa "Paukwa!" bila kuambiwa na mtu. Ukumbi ukaitikia hadi vumbi likadondoka kwenye taa.

Sikufurahi. Nasema kweli. Niliona wivu wa kumwonea dereva wa basi.

Ilinichukua wiki kuelewa. Wale watu 8 wa kila Jumatatu kila mmoja alikuja na jamaa zake watano au sita, na hao nao wiki ya pili walikuja kwa sababu wanataka wao wasimulie. Fanani wa leo ni hadhira ya kesho. Tamthilia yangu ilimtaka mtu akae kimya kwa saa mbili anitazame mimi. Vikundi 8 vya maigizo vilivyokwenda Edinburgh, kule Uskoti, mwaka 1947 bila kualikwa kwenye tamasha la sanaa la mji ule, vikatafuta kumbi zao pembeni na kuanzisha kile kinachoitwa leo Fringe, yaani tamasha la pembeni, vilifuata watu mahali walipokwisha kukusanyika. Mimi nilikuwa na watu wamekusanyika Jumatatu mlangoni pangu nami nikawaita kiraka.

Basi nikaufuta mchezo wa nne niliokuwa nimeupanga. Tukachukua visa vitatu vya Jumatatu, tukaomba ruhusa kwa wenyewe (omba ruhusa, tafadhali, kisa cha mtu ni mali yake), tukavishona kuwa mchezo mmoja. Waigizaji 4, kiti kimoja, taa moja, na ngazi tukaikata mbao tukatengeneza mabenchi. Viti vikafika 70. Maonyesho 6 ya mwisho yalijaa yote, na najua kwa sababu nilihesabu mwenyewe kila usiku. Dereva alikuja mara nne kujitazama akiigizwa, na mara zote alilalamika kwamba yeye haongei hivyo.

Jambo moja zaidi kuhusu usiku wa hadithi, maana wengi wanaukosea. Msikilize mtu kabla hajapanda. Akisimulia kidonda kilichofunga, mpe jukwaa. Kikiwa bado kinatoka damu, mketishe, mpe wiki, mpe mwaka. Tulimpandisha dada mmoja mapema mno, hakuweza kumaliza, na dakika 5 zile zinaniuma kuliko watu 7 wa Jumamosi. Kengele ya muda nayo muhimu. Wanaume wa makamo hasa.

Na usione haya kwa udogo. New York wanahesabu kumbi za viti chini ya 100 kama tabaka lake kabisa, wakiliita "nje ya nje ya Broadway" (Broadway ndiyo kumbi kubwa za jiji lile), na watu wanazeeka humo kwa fahari. Udogo si aibu. Aibu ni kutohesabu viti. Nimeshasema hilo? Nasema tena. Hesabu viti, lipa watu, na kazi unayoipenda kupita zote iweke mwisho, ikishapata wa kuiitikia.

Haya yote nilimwandikia yule kijana, kwa ufupi kidogo. Akajibu usiku huo huo: "Asante sana dada, nimejifunza mengi. Ila mchezo wa kufungulia ni wangu, na fundi ameshaanza kujenga mnara."

Nikamwuliza mnara utakula viti vingapi. Ujumbe ameusoma, bado hajajibu.