Maswali ya Wasomaji: Kibao cha Duka na Ruhusa Zake

SWALI: Bwana Mhariri, nina duka la ushonaji katika jengo la kukodi mjini Nakuru. Nilichomelewa kibao cha chuma chenye miguu miwili, nikakisimika kando ya barabara ili wateja wanaoshuka matatu wanione. Juzi nilifika asubuhi nikakuta miguu imekatwa na kibao hakipo. Jirani aliniambia kilipakiwa kwenye lori. Leseni yangu ya biashara imelipiwa, na mwenye nyumba alinikubalia kwa mdomo. Je, nilikosea wapi?

JIBU: Pole sana, mama. Mshonaji asiyeonekana hapati kazi, na kibao cha chuma ni gharama kubwa kwa duka dogo. Hata hivyo, ruhusa mbili ulizozitaja hazikufika pale uliposimika kibao.

Idhini ya mwenye nyumba inaishia pale ploti yake inapoishia. Kutoka hapo hadi lami ni hifadhi ya barabara, na Sheria ya Barabara ya Kenya ya mwaka 2007 inakataza mtu kusimamisha chochote ndani yake bila idhini ya maandishi ya mamlaka inayosimamia barabara hiyo. Barabara kuu inayopita Nakuru kutoka Nairobi kwenda Eldoret iko chini ya mamlaka ya barabara kuu, KeNHA, ilhali barabara nyingine za mjini huwa chini ya mamlaka ya barabara za mijini, KURA, au ya kaunti yenyewe. Kwa hiyo uliza kwanza barabara yako ni ya nani. Katazo hili lina sababu nzuri. Kibao kilichosimama ukingoni humzuia dereva anayetoka kwenye kichochoro asimwone anayekuja, na humlazimisha mtu mwenye kiti cha magurudumu kushuka barabarani kati ya pikipiki na matatu.

Leseni ya biashara nayo inakuruhusu kushona na kuuza. Udhibiti wa matangazo ya nje ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010, na kibao huombewa kibali chake peke yake. Watu wengi hudhani karatasi moja inatosha yote, na nisingewalaumu, kwa maana mara nyingi hakuna anayewaeleza tofauti siku wanapolipa.

Nenda katika ofisi ya kaunti ukiwa na picha ya kibao na risiti ya fundi, uulize kama kimehifadhiwa na kwa amri ya nani. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa mtu ambaye haki yake imeathiriwa na uamuzi wa kiutawala haki ya kupewa sababu kwa maandishi, nawe uziombe bila woga. Ukiambiwa ulipe, taka kuonyeshwa sheria inayotaja ada hiyo, kwani Kifungu cha 210 hakiruhusu kodi wala ada ya leseni isiyowekwa na sheria. Kisha usiondoke bila risiti rasmi. Mimi naamini mfanyabiashara mdogo anastahili kupewa ilani na siku chache za kukiondoa mwenyewe kabla ya msumeno kuletwa.

Kibao kipya kibandike ukutani, juu ya mlango wako. Peleka ombi likiwa na barua ya mwenye nyumba, mchoro wenye vipimo na picha ya mbele ya jengo.

SWALI: Nina shamba kando ya barabara ya Kisumu kwenda Busia. Kampuni ya matangazo inataka kujenga bango kubwa ndani ya shamba na kunilipa kodi kila mwaka. Ardhi ni yangu kwa hati. Je, ruhusa ya nini tena?

JIBU: Ndugu yangu, hati inakulinda usinyang'anywe ardhi, lakini Kifungu cha 66 cha Katiba kinaruhusu matumizi yake yadhibitiwe kwa ajili ya usalama, afya na mipango. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inamtaka anayejenga apate kibali cha kaunti kwanza. Zikipita siku 60 bila jibu la maandishi, sheria inalichukulia ombi kuwa limekubaliwa. Likikataliwa, unaweza kukata rufaa mbele ya kamati ya uratibu ya kaunti ndani ya siku 14.

Kabla ya yote, mwite mpima ardhi akuonyeshe bikoni zako, yaani alama za mipaka ya shamba. Ua uliopandwa na babu huenda umeingia katika hifadhi ya barabara, na bango likisimama hapo, hati haitakusaidia. Ikiwa shamba liko karibu na uwanja wa ndege wa Kisumu, ambao uko kando ya barabara hiyo hiyo, urefu wa bango lazima pia uidhinishwe na mamlaka ya usafiri wa anga.

Mkataba ueleze nani atalipa ada ya kaunti kila mwaka, nani atafidia bango likiangushwa na upepo, na nani ataling'oa pamoja na msingi wake wa zege mkataba ukiisha. Ueleze pia kwamba hakuna tangazo litakalowekwa kinyume cha sheria. Matangazo ya tumbaku, kwa mfano, yamepigwa marufuku na sheria ya mwaka 2007.

SWALI: Sisi wa kwaya ya Kakamega tunaweza kubandika mabango ya harambee kwenye nguzo za umeme na miti ya barabarani?

JIBU: La. Nguzo ina mwenyewe, na mti hujeruhiwa na misumari. Ombeni nafasi kwenye ubao wa matangazo wa kanisa, wa chifu au wa soko, kwa ridhaa ya msimamizi wake, na siku inayofuata harambee mrudi kuyabandua.