Mjomba Anatangaza Soko la Hisa kama Fainali ya Wimbledon

SWALI: Ndugu Mshauri, baada ya salamu. Mjomba wangu ni mstaafu aliyecheza tenisi ujanani, na sasa ana hisa za Safaricom na za benki moja katika Soko la Hisa la Nairobi. Tangu mashindano ya Wimbledon yaanze, sebule yetu haina utulivu. Soko hufungwa saa tisa alasiri, na mechi za Uwanja Mkuu huanza saa tisa na nusu kwa saa zetu, kwa hiyo anapata nusu saa ya kunywa kahawa na kubadilisha chaneli, ila sauti habadilishi. Jana alitangaza hivi mbele ya wageni: “Safaricom anapiga servisi, mpira umegonga wavu, senti kumi zimekwenda! Anapiga ya pili, nayo nje! Benki anarudisha kwa mkono wa nyuma, mpira umeangukia mstarini, watazamaji wamesimama!” Kisha akanigeukia mimi, niliyeweka akiba yangu humo kwa ushauri wake, akaniamuru niuze kwa sababu tumeshapoteza seti mbili mfululizo, yaani Jumatatu na Jumanne. Je, hesabu hiyo ina maana yoyote, na nitamkataliaje mjomba bila ya kumvunjia heshima?
Mpwa Mtiifu, Mombasa

JIBU: Mpwa wetu, kwanza tumtendee haki mzee. Utangazaji wake hauna kasoro kubwa kuliko ule wa wachambuzi wanaovaa tai kwenye televisheni, na kwa upande wa ufasaha amewazidi. Mtangazaji wa tenisi ana bahati ya kuwa na mistari iliyochorwa chini na mwamuzi aliyeketi juu, kwa hiyo mpira ukitoka nje hakuna ubishi. Mchambuzi wa hisa huambiwa saa tisa kwamba bei imeshuka, na kabla ya taarifa ya habari ya jioni anatakiwa awe amepata sababu, naye huipata kila siku: wawekezaji wameingiwa na hofu. Bei ingepanda, angesema hofu imepungua. Akizidiwa hutuambia kwamba wauzaji wamelivamia soko, kana kwamba hisa hizo zilichukuliwa na upepo, ilhali kila hisa iliyouzwa siku hiyo ilinunuliwa na mtu, na yamkini mtu huyo naye ana mjomba.

Kosa la mjomba wako liko kwenye ubao wa matokeo. Katika tenisi, pointi hujenga gemu, gemu hujenga seti, na mshindi ni mwenye seti nyingi; pointi hazijumlishwi tangu mwanzo hadi mwisho. Gemu ikiisha hufutwa, na seti ikiisha tunaanza upya, awe mtu amefungwa 6–0 au 7–6. Ndiyo sababu katika fainali ya Wimbledon ya mwaka 2019 Roger Federer alipata pointi 218 dhidi ya 204 za Novak Djokovic, akawa na pointi mbili za ubingwa mkononi katika seti ya tano, na kombe likaenda kwa Djokovic. Soko halifuti kitu. Hisa iliyoshuka kutoka shilingi 6 hadi 3 imepoteza asilimia 50, na ili irudi ilipokuwa ni lazima ipande kwa asilimia 100. Haipewi seti mpya ya kuanza sifuri kwa sifuri. Jumatatu na Jumanne za mjomba, kwa hiyo, hazikuwa seti. Kama kila siku ilipunguza senti kumi, basi mmepoteza senti ishirini kwa kila hisa, na kiasi hicho hicho kinaweza kurudi au kuongezeka Jumatano kabla mzee hajamaliza kikombe chake.

Mfano mzuri ni hiyo hiyo Safaricom yenu. Serikali ya Kenya iliwauzia wananchi hisa zake mwaka 2008 kwa shilingi 5, na biashara ilipoanza mwezi Juni bei ikapita shilingi 7, watu wakashangilia. Mwanzoni mwa mwaka 2009 ilikuwa imeanguka chini ya shilingi 3, na wengi waliohesabu seti walitoka uwanjani hapo. Mwaka 2021 hisa hizo zilipita shilingi 40. Usikimbilie kumwambia mjomba “si unaona?”, kwa kuwa mwaka 2023 zilikuwa zimerudi chini ya shilingi 15, na aliyenunua kileleni bado alikuwa na machungu yake. Mtu anayetangaza pointi moja moja hawezi kuyaona hayo yote, hata awe na sauti nzuri kiasi gani.

Hata hivyo, kuna mahali ambapo tenisi na hisa vinakutana kweli. Mwaka 1975 Mmarekani Charles Ellis aliandika makala akieleza kwamba mabingwa hushinda kwa mapigo yao mazuri, lakini sisi wa mtaani hatushindi, bali hushindwa: tunapiga wavuni, tunapiga nje, na mpinzani anaondoka na ushindi aliopewa. Akasema uwekezaji nao umekuwa mchezo wa namna hiyo. Dalali hulipwa ununuapo na hulipwa tena uuzapo, kwa hiyo kila amri ya “uza” inayotoka sebuleni ni pigo linaloweza kwenda nje, na ada yake inalipwa hata likiingia ndani. Ukihitaji fedha hizo kwa karo au matibabu mwaka huu, uza bila ya kusubiri ruhusa ya mtangazaji. Usipozihitaji, siku mbili za kushuka si sababu.

Kuhusu heshima: usimpinge mbele ya wageni. Mngoje awe peke yake, umpe kahawa, kisha umwombe kwa adabu aandike kwenye kalenda ya ukutani, kabla soko halijafunguliwa asubuhi, nani atashinda siku hiyo. Baada ya mwezi mmoja msome pamoja. Akikuuliza mechi itakwisha lini, mkumbushe kwamba wachezaji John Isner na Nicolas Mahut walicheza mechi moja ya Wimbledon kwa siku tatu mwaka 2010, jumla ya muda wa saa 11 na dakika 5, hadi 70–68 katika seti ya tano, lakini hata wao walipeana mikono wakaenda kulala. Soko litafunguliwa tena kesho.

SWALI: Je, bingwa wa tenisi akiwekeza katika kampuni, hisa za kampuni hiyo hufuata kiwango cha bingwa huyo uwanjani?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Hapana. Federer aliwekeza mwaka 2019 katika On, kampuni ya viatu ya Uswisi, ambayo hisa zake ziliingia soko la New York Septemba 2021 kwa bei ya dola 24. Alipostaafu Septemba 2022 zilikuwa chini ya bei hiyo. Mwaka 2024, yeye akiwa hashindani tena, zikapita dola 50. Tusishangae akitokea mchambuzi wa kutueleza kwamba kilichozipandisha ni kustaafu kwake.