Maswali na majibu: Vidole vinavyojikunja baada ya jeraha la shingo

SWALI: Mdogo wangu wa kiume, mwenye miaka 27, aliumia shingo miezi minne iliyopita, na mimi dada yake ndiye ninayemhudumia nyumbani. Barua aliyoruhusiwa nayo hospitalini inasema jeraha ni la C6, daraja A. Mwezi wa kwanza miguu ilikuwa imelegea kabisa. Sasa inaruka yenyewe, hasa tunapomgeuza kitandani. Kila asubuhi namnyoosha miguu, kisha navinyoosha vidole vya mikono mpaka kiganja kilale bapa, lakini vinazidi kujikunja. Je, kuruka kwa miguu ni dalili kwamba atatembea? Na vidole nivifanyeje visikakamae?

JIBU: Pole sana, dada, kwa kazi hiyo ya kila siku. Najua kilichokufanya uandike ni miguu, lakini nitaanza na vidole, kwa sababu huko kuna jambo la kuacha leo hii: usivinyooshe tena vidole hivyo huku kifundo cha mkono kikiwa kimeinuliwa kwa nyuma.

Mtu mwenye jeraha la C6, yaani ngazi ya sita ya shingo, kwa kawaida hukunja kiwiko na kuinua kifundo cha mkono, lakini hawezi kukinyoosha kiwiko kwa nguvu zake wala kusogeza vidole. Mungu hakumwacha mikono mitupu, hata hivyo. Kano zinazokunja vidole hupita upande wa kiganja na kuvuka kifundo cha mkono, kwa hiyo kifundo kinapoinuliwa kano hizo hukazika na kuvivuta vidole vijikunje, na kidole gumba hubana ubavu wa kidole cha shahada. Kifundo kikiachwa kianguke, kano hulegea na vidole hufunguka. Jaribuni leo kwa kalamu. Aweke mkono ukingoni mwa meza, kiganja kikitazama chini, auache ulegee mpaka vidole vifunguke. Mwekee kalamu kati ya gumba na shahada, kisha mwambie ainue kifundo. Kalamu ikinyanyuka nayo, hata kwa sekunde mbili, umeuona mshiko ambao baadaye utamshikia mswaki, kijiko, simu, na kwa baadhi ya wenye jeraha kama lake hata mpira wa kutolea mkojo.

Mshiko huu hutegemea kano zibaki fupi kidogo. Ukikilaza kiganja bapa kila asubuhi, kifundo na vidole vikinyooshwa kwa pamoja, unazirefusha, na kano iliyorefuka haivuti tena. Kujikunja huko unakopigana nako ndiko sisi wa fiziotherapia tunakokutafuta, ilimradi vidole visigande. Kanuni ni moja: kifundo kikiwa juu, vidole vikunjwe, kifundo kikiwa kimeinama, vidole vifunguliwe. Kwa njia hiyo kila kiungo cha kidole hupata mwendo wake bila kano kuvutwa ncha zote mbili. Kanuni hiyohiyo inatumika anapojiegemeza kitandani au anapohamia kwenye kiti cha magurudumu: aegemee akiwa amekunja vidole, si kwa kiganja kilichotandazwa. Nimeona mikono mizuri ikiharibiwa na ndugu wenye upendo mwingi na bidii nyingi, kwa sababu tu hakuna aliyewaeleza haya siku ya kuruhusiwa.

Sasa miguu. Baada ya jeraha, sehemu ya ugwe wa mgongo iliyo chini ya jeraha hunyamaza kwa muda, mara nyingi kwa wiki kadhaa, ndiyo maana miguu ililegea. Baadaye sehemu hiyo huamka na kuanza kujibu mguso na mvuto yenyewe, bila amri ya ubongo. Huo ndio mruko mnaouona, na peke yake si dalili ya kutembea. Ukitaka kupambanua, subiri miguu itulie, usiiguse, kisha mwambie avute kidole gumba cha mguu wa kulia kuelekea usoni, apumzike, halafu wa kushoto, mara tatu kwa mpangilio asioujua. Kidole kikiitika amri ileile kila mara, mrudishe akapimwe upya. Fanya hivyo pia akianza kuhisi mguso karibu na njia ya haja kubwa, kwa sababu daraja A maana yake ni kwamba hapo hapakuwa na hisia wala mkazo wa misuli.

Wapo wanaotoka daraja A katika miezi ya mwanzo, lakini ni wachache, na mimi nisingepanga maisha yake kwa kusubiri kutembea. Chenye nafasi kubwa zaidi ya kurudi katika mwaka wa kwanza ni nguvu za mikono, mara nyingi ngazi moja chini ya jeraha. Kwake hiyo ingekuwa nguvu ya kunyoosha kiwiko, ambayo ingemrahisishia sana kujihamisha. Mazoezi ya mabega na kifundo yapewe muda zaidi kuliko ya miguu. Miguu inyooshwe polepole, na mruko ukiongezeka ghafla, tafuta sababu: kibofu kilichojaa, maambukizi ya mkojo, choo kilichoganda, kidonda kwenye ngozi au ukucha uliozama.

Sababu hizohizo zinaweza kuleta hatari ambayo barua yenu huenda haikuitaja. Kwa kuwa jeraha lake liko juu ya pingili ya sita ya kifua, kero yoyote chini ya jeraha inaweza kupandisha shinikizo la damu ghafla. Ataumwa kichwa kwa kugonga, uso utawiva na atatoka jasho juu ya jeraha. Mketishe wima mara moja, miguu ining'inie, legeza nguo na mikanda, kisha angalia kama mpira wa mkojo umejikunja au kibofu kimejaa. Wengi wenye jeraha la shingo huwa na namba ya juu ya shinikizo kati ya 90 na 110, hivyo 140, ambayo kwa mwingine haishtui, kwake inaweza kuwa dharura. Hali isipotulia ndani ya dakika chache, mpelekeni hospitali akiwa ameketi, na mwambieni anayempokea kwamba ana jeraha la shingo.

Ukirudi kwenye jaribio la kalamu na ukaona kifundo kinainuka lakini vidole vinabaki vimelegea bila kujikunja, simamisha kuvinyoosha kabisa na umpeleke kwa mtaalamu wa mikono. Kwa kuwa ni miezi minne tu imepita, mtaalamu huyo bado anaweza kuvifunga vidole vikiwa vimekunjwa usiku ili kano zijifupishe tena.