Usiondoke kabla ya chai

Nilihudhuria mikutano minne ya Alcoholics Anonymous (AA), chama cha walevi wanaosaidiana kuacha pombe, hapa Nairobi kabla ya mtu yeyote pale kulijua jina langu. Nilikuwa nachelewa makusudi, nakaa kiti cha nyuma karibu na mlango, na watu wakisema amina mimi tayari niko nje natafuta matatu. Mara zote nne nilirudi kunywa. Nikamwambia mke wangu, "Si nimekwenda? Haisaidii."

Mara ya tano mvua ilinizuia mlangoni. Mzee mmoja akaniita, "Kijana wangu, ngoja ipungue, njoo upate chai." Mama aliyekuwa akimimina alinitazama mikono, kisha akanitilia nusu kikombe. Wenzangu wote walikuwa na vikombe vilivyojaa, nami nikahisi nimedharauliwa. Nilipokinyanyua, chai ilicheza hadi ukingoni, ikarudi, isimwagike hata tone. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Ukimaliza nitakuongeza." Ndipo nikaelewa. Mikono yake nayo iliwahi kutetemeka hivyo. Kwa miaka yote niliyokunywa, nilihubiriwa, nililaumiwa na kulipiwa madeni, lakini sikuwahi kuonwa vile.

Niliondoka na namba tatu za simu kwenye kipande cha karatasi. Kwangu mimi, kuacha pombe kulianza hapo.

Kwa hiyo ndugu yangu unayetafuta kikundi, usihesabu umehudhuria kama hukuongea na mtu hata mmoja. Chama hiki chenyewe kilizaliwa kwa mazungumzo. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, Marekani, mfanyabiashara wa hisa aliyeacha pombe miezi michache tu alishikwa na hamu ya kunywa akiwa hotelini, safari yake ya kikazi ikiwa imeharibika. Badala ya kuingia baa akapiga simu hadi akaunganishwa na mlevi mwenzake, daktari wa upasuaji, wakakaa wakazungumza kwa saa kadhaa. Siku ambayo daktari yule alikunywa kwa mara ya mwisho, 10 Juni, ndiyo inayohesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa kwa AA.

Lakini kuna jambo la kutangulia. Kama unakunywa kila siku na asubuhi lazima uzimue ndipo uweze kushika kijiko, usikate pombe ghafla ukiwa peke yako nyumbani. Mwili uliozoea unaweza kupatwa na degedege ndani ya siku mbili za kwanza, na kufikia siku ya tatu wengine huchanganyikiwa, huona vitu visivyokuwapo, na wapo wanaokufa. Nenda hospitali kwanza, mwambie daktari kiasi halisi unachokunywa, usipunguze hata chupa moja kwa aibu. Kikundi si hospitali.

Kukipata si kazi kubwa. Hapa Kenya, NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana simu isiyolipiwa, 1192. Daktari wa akili na washauri wa vituo vya kurekebisha tabia kwa kawaida wanajua mikutano ilipo na siku zake. Mikutano mingi hufanyika katika kumbi za makanisa, na jambo hilo huwatisha Waislamu na wasio na dini. Ukumbi ni wa kuazima tu. Sala fupi ipo, na hatua 12 ambazo wanachama huzifuata ili waache pombe zinamtaja Mungu, lakini kwa maneno "kama tulivyomfahamu", na hakuna atakayekuuliza unasali wapi. Sharti la uanachama ni moja: kutaka kuacha kunywa. Hakuna ada. Kikapu hupitishwa kwa ajili ya kodi ya ukumbi na chai, na ukiwa huna kitu unakipitisha kwa mwenzako.

Ukiogopa kusema, sema hivi zamu yako ikifika: "Leo nitasikiliza." Inatosha. Uliza pia kama mkutano ni wa wazi au wa wanachama tu, maana ule wa wazi unaweza kwenda na mkeo, mumeo au dada yako.

Vikundi havifanani. Kikundi changu cha kwanza kilikuwa na wazee watupu, na nilipojaribu kingine nilikuta vijana waliokuwa wakinywa mzinga, ile chupa kubwa ya pombe kali, kama mimi, kwa mtindo wangu, wakidanganya kazini kwa uongo wangu uleule. Zunguka vikundi viwili vitatu kabla hujakata shauri. Ukichagua mdhamini, yaani mtu wa kukuongoza katika hatua zile, mwanamume amchague mwanamume na mwanamke amchague mwanamke. Hilo nalisisitiza, kwa sababu mtu aliye katika wiki zake za kwanza ni mwepesi kuumizwa.

Mimi niliteleza mwezi wa saba. Kurudi kulikuwa kugumu kuliko kwenda mara ya kwanza. Nilisimama nje ya geti karibu nusu saa. Nilipoingia, mama yule hakuuliza kitu. Alitazama mikono yangu, akatia nusu.

Kama unakwenda wiki hii, fika dakika kumi mapema. Kaa karibu na mlango ukipenda. Ila chai ikiletwa, pokea, na umwombe aliye karibu nawe namba yake.